Tume ya Kuchunguza Umri wa Kiboko

Hapo zamani, ila si zamani sana maana waliohusika karibu wote bado wako madarakani, palikuwa na nchi moja iliyopenda hadithi kupita kiasi. Nchi hiyo si yetu. Nalisema hili mapema ili msomaji aliyeajiriwa kusoma kwa niaba ya wengine asisumbuke kufika ukurasa wa mwisho. Huko nako kuna milima, mito na bendera, lakini milima yao iko mahali pengine, na rangi za bendera zimepangwa kwa mtindo mwingine kabisa.

Mimi nilikuwa karani huko. Kwa miaka kumi na minane niliandika kumbukumbu za vikao, na mwandiko wangu ulisifiwa na mawaziri watano, wawili kati yao wakiwa wameusoma. Nitasimulia niliyoyaandika, pamoja na machache ambayo sikuyaandika.

Nchi ile ilikuwa na Sheria ya Wanyama Wasemao. Chanzo chake kilikuwa harusi. Mheshimiwa mmoja alikwenda kumwoza mpwa wake, akamkuta mshereheshaji akisimulia habari za fisi aliyekabidhiwa ufunguo wa bucha. Watu wakacheka. Mheshimiwa naye akacheka, tena akajipiga paja, mpaka alipotupa macho ukumbini akaona wote wanamtazama yeye. Wiki ile ile Bunge likaketi.

Kifungu cha kwanza kilisema kwamba wanyama wana uhuru kamili wa kusema. Kifungu cha pili kilitaja watakayoyasema. Simba atakuwa na hekima, wala hatazeeka. Sungura anaruhusiwa kuwa mjanja siku za kazi tu, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, kwa manufaa ya umma. Fisi asitajwe akiwa anakula. Mwendo wa kobe usilinganishwe na huduma yoyote ya Serikali. Redio ya Taifa ikaanza kurusha ngano zilizoidhinishwa, kama ile ya Sungura aliyejaza fomu bila kukosea, na akina mama wakaishukuru sana Serikali, kwa kuwa watoto walikuwa wanalala kabla Sungura hajafika kwenye sehemu ya anwani.

Lakini balaa letu lilitoka katika kifungu cha nne. Nakikumbuka neno kwa neno: "Ngano ya kale, iliyorithiwa kwa mababu, ni hazina ya Taifa nayo itapendwa. Ngano mpya ambamo mnyama ana cheo ni uchochezi, na mtunzi wake atafungwa miaka saba." Hakikusema ukale unaanzia wapi. Nadhani wabunge walisikia harufu ya pilau wakaona hayo mengine yatajipa yenyewe.

*

Katika mji mkuu kulikuwa na mtaa ulioitwa Bondeni Juu, jina lililotolewa na wataalamu wa mipango miji walioishika ramani kichwa chini. Mtaa huo ulikuwa na bomba moja. Waziri wa Maji na Matumaini, Mheshimiwa Gaudensi Mbwilo, alilizindua mwenyewe. Alikata utepe, akafungua koki, maji yakatoka kwa kishindo, ngoma zikapigwa. Nyuma ya uzio liliegeshwa boza la maji lililounganishwa na bomba kwa mpira. Boza lilipoondoka, maji nayo yakaondoka.

Hata hivyo foleni ilibaki. Utaratibu wa wizara ulisema kwamba malalamiko ya maji yatapokelewa kutoka kwa "mwananchi aliye kwenye foleni ya maji" na si mwingine yeyote, kwa hiyo aliyetaka kulalamika ilibidi apange ndoo. Watu wakapanga ndoo. Wengine walioana wakiwa kwenye foleni ile, na nafasi zao zikaingia katika makubaliano ya ndoa.

Hapo ndipo alipokaa fundi cherehani mmoja, Bi Siwema Lugendo, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mshonaji wa sare za shule. Aliona wateja wake wote wako bombani, naye akaibeba cherehani yake akaifuata biashara ilipo. Alikuwa akishona huku anasimulia ngano, na foleni ikimwitikia. Ukipita barabarani ulisikia sauti za watu mia wakicheka mbele ya bomba kavu, na wageni kutoka nje waliandika katika ripoti zao kwamba wananchi wa nchi ile wana furaha.

Siku moja Bi Siwema alisimulia ngano ya Kiboko. Katikati ya ngano akakamatwa.

*

Nilitumwa mahabusu kumchukulia maelezo. Fomu ilikuwa na maswali kumi na mawili, na la saba liliuliza: "Ngano hii uliirithi au uliitunga?"

"Nimeitunga mimi, kaka karani," alisema.

Nikaweka kalamu chini. "Dada, hebu fikiri tena. Watu wengi hudhani wametunga, kumbe wanakumbuka."

"Sikukumbuka kitu. Nimeitunga siku ya nne baada ya kumzika mdogo wangu, Zamoyoni. Unamfahamu Zamoyoni?"

Sikumfahamu. Akanieleza. Zamoyoni alikuwa anachechemea mguu wa kushoto tangu utotoni, na foleni ilipomchosha alikwenda kuchota maji kwenye shimo la machimbo ya kokoto. Alikunywa, akaanza kuharisha Jumatatu, Jumatano akafa. Serikali ilikuwa imeshatangaza kwamba kipindupindu hakipo, kwa hiyo cheti kikaandikwa kuwa amekufa kwa uchovu wa tumbo. Aliacha binti wa miaka sita, Somoe, ambaye sasa alikuwa kwa jirani.

"Kulia nililia," Bi Siwema alisema. "Lakini kila nikitaka kusema kilichomuua, mtu ananiziba mdomo. Basi nikamsema kwa Swala. Mle ndani kuna swala anayechechemea. Andika hadithi ni yangu, kaka. Zamoyoni hana kaburi la saruji wala picha. Ana hiyo tu."

Nilimtazama yule mama na roho ikaniuma, nalisema wazi. Kisha nikakumbuka kwamba mimi ni mtumishi wa umma. Mbele ya swali la saba nikaandika: "Mhojiwa ana majonzi, hakumbuki vizuri."

*

Kwa kuwa hatima yote ya Bi Siwema ilining'inia kwenye umri wa ngano yake, Serikali iliunda Tume ya Kuchunguza Umri wa Kiboko. Kiboko akiwa wa kale, mama yule atarudi nyumbani na kupendwa kwa mujibu wa sheria. Akiwa mpya, ni miaka saba, na Somoe atakuwa na miaka kumi na mitatu siku atakapomwona mamake mkubwa tena.

Mwenyekiti alikuwa Profesa Teofili Kisanga, bingwa wa ngano, aliyezisomea kwa miaka ishirini na sita katika nchi tatu. Hakuwahi kusimulia hata moja, kwa kuchelea kuvuruga utafiti. Upande wa Jamhuri alisimama Wakili Mshangama, mtu wa suti ya vipande vitatu hata saa saba mchana. Ukumbi ulijaa Bondeni Juu nzima. Walikuja na ndoo zao ili wasipoteze nafasi.

Profesa alifungua kwa kueleza historia ya ngano tangu mwanzo wa dunia.

"Ngano," alisema, "ni hadithi fupi ambamo mnyama husema ili binadamu asikamatwe."

Wakili akainuka. "Naomba ifutwe."

Nikafuta.

"Ngano ni hadithi fupi," Profesa aliendelea. "Huko Uyunani ya kale ilipendwa hasa na watumwa. Mtumwa hakuthubutu kumtaja bwana wake, lakini mbwa mwitu aliweza kutajwa na kila mtu."

"Ifutwe. Inawapa watu mawazo."

"Huko India ya kale, wana wa wafalme waliokuwa wazito wa kuelewa walifundishwa utawala na mbweha na kunguru."

"Wana wa wafalme wazito wa kuelewa? Mheshimiwa Mwenyekiti, leo hapa kuna watoto wa viongozi."

Nikafuta na hiyo.

"Waajemi wakazitafsiri, kisha Waarabu, kisha mataifa mengine. Kila nchi ilipozipokea, wakubwa wake walitangaza kwamba zinawahusu wakubwa wa nchi ya jirani."

Wakili alifikiri kidogo. "Uajemi ibaki," akasema.

Profesa akapata moyo. Alieleza kwamba zamani funzo la ngano lilikaa ndani ya msikilizaji, kila mmoja na lake, na kwamba baadaye sana ndipo waandishi walipoanza kulibandika mwishoni, wengine hata mwanzoni, kwa ajili ya watu wenye shughuli nyingi. Alieleza jinsi wakoloni walivyozitia kwenye vitabu vya shule, wakamfanya sungura anawe mikono na kuwahi kazini. Alieleza jinsi hadithi zilivyozunguka dunia midomoni mwa mayaya, manahodha na wafungwa. Wakili aliinuka mara kumi na tisa. Tulipokwenda kula, historia nzima ya ngano iliyobaki kwenye kumbukumbu zangu ilikuwa hii: "Ngano ni hadithi fupi. Ilipita Uajemi. Sasa iko hapa."

*

Shahidi wa kwanza alikuwa koplo aliyemkamata Bi Siwema. Alikuwa amejipanga foleni amevaa kiraia, ameshika ndoo ya Serikali iliyoandikwa namba ya kituo ubavuni.

"Eleza ulichosikia," Wakili alimwambia.

"Siwezi, Mheshimiwa."

"Huwezi kwa nini?"

"Hadithi haianzi mpaka iitikiwe. Bibi yangu alinikataza kusimulia hewani. Unaota mkia."

Tume ilijadiliana kwa dakika arobaini. Ikaamuliwa kwamba wananchi wasiitikie, maana watakuwa wameshiriki kosa, bali Tume yenyewe iitikie kwa niaba yao.

"Paukwa!" koplo akapaza sauti.

"Pakawa," Profesa Kisanga akajibu, "kwa mujibu wa kanuni ya kumi na moja."

Na koplo akaanza. Lahaula, yule mtu alijua kusimulia! Alisema ukame uliingia mwituni, wanyama wakakutana, wakaona wamteue Mkuu wa Vipimo vya Maji. Wakamteua Kiboko, kwa kuwa hakuna aliyekaa majini kumshinda yeye. Kiboko akaingia bwawani kufanya kazi. Mgongoni mwake alikaa ndege mpeleka salamu. Baada ya wiki ndege akaruka kwenda kwa wanyama: "Mkuu anasema maji yamemfika kifuani. Hali ni nzuri." Wanyama wakashangilia, wakarudi makwao na kiu yao.

Mwezi ukapita. Bwawa likapungua. Kiboko akapiga magoti. "Mkuu anasema maji yamemfika kifuani." Mwezi mwingine, Kiboko akaketi kitako. "Maji yamemfika kifuani." Bwawa likawa dimbwi, dimbwi likawa tope. Kiboko akalala chali, akajipakaza tope mpaka kwapani. "Kifuani," ndege akasema, "kama mwaka jana. Acheni kusambaza uvumi."

"Ndipo akaja Swala," koplo alisema, na hapo sauti yake ikashuka. "Swala mmoja anayechechemea mguu wa kushoto. Ametoka mbali, ulimi umempasuka. Akasimama ukingoni. Akasema, 'Mheshimiwa, sisi hatubishi. Tunaomba tu usimame kidogo, tuone.'"

Nilimtazama Bi Siwema kizimbani. Aliinamisha kichwa, akawa anakunja na kukunjua pindo la khanga yake.

"Halafu?" Profesa aliuliza. Alikuwa ameiacha kengele yake ya kutuliza kikao, ameshika shavu.

"Halafu nikamkamata, Mheshimiwa."

"Nani? Kiboko?"

"Huyu mama."

"Sasa Kiboko alisimama au hakusimama?"

Koplo alijikuna kisogo. "Mheshimiwa, nakiri makosa. Nilimkamata mapema. Ilitakiwa nisubiri mwisho. Hata mke wangu ananilaumu."

*

Siku mbili zilizofuata zilikuwa za wananchi. Tume ilitangaza kwamba yeyote aliyewahi kuisikia ngano hiyo kabla ya mwaka huu ajitokeze. Wakajitokeza sitini na mmoja, na wote walikuwa waongo. Sijaona uongo mzuri namna ile katika maisha yangu ya ukarani, na uongo nimeuandika mwingi.

Muuza mkaa mmoja alikula kiapo kwamba ngano hiyo alihadithiwa na bibi yake, isipokuwa kwao haikuwa bwawa, ilikuwa mtungi, na mhusika alikuwa chura. Kinyozi alisema kwao ndege hakuwa ndege, alikuwa kupe. Bi Pili mwenye genge la mboga alidai kwamba kwa mama yake Kiboko alikuwa na kamati. Mzee mmoja aliyeegemea mkongojo alisema aliisikia kwa babu yake aliyeisikia kwa babu yake, na katika hiyo ya kwao Kiboko alikuwa na wapambe wanne waliolala chini yake ili aonekane ameelea.

"Na mwisho wake?" Profesa alimuuliza kila mmoja. Wino wangu uliisha mara mbili kwa miisho. Kwa huyu Kiboko aligeuka jiwe, kwa yule alihamia nchi nyingine kwa matibabu. Profesa aliandika kwa mkono wake mwenyewe, macho yanang'aa. Aliniambia faraghani kwamba amesoma miaka ishirini na sita jinsi ngano zinavyozaliwa, lakini hajawahi kuwapo.

Redio ya Taifa ilirusha kila kitu moja kwa moja katika kipindi cha Urithi Wetu. Kufikia Ijumaa, hapakuwa na kijiji katika nchi ile ambacho hakikuwa na Kiboko wake.

Wakili Mshangama hakutishika. Alisimama akaeleza kwa ufasaha kwamba mashahidi ni wazushi, kwamba ngano ni mpya kama mkate wa asubuhi, na kwamba anaomba Tume itamke hivyo.

"Sawa," Profesa alisema. "Lakini ikiwa mpya, sheria inatutaka tujaze Fomu Namba Tisa."

"Ijazwe."

"Ijaze wewe, wakili msomi. Wewe ndiye mlalamikaji." Akamsogezea. Mstari wa kwanza wa fomu ulisema: "Mnyama aliyemo katika ngano anamaanisha: (jina kamili, cheo na wizara)."

Wakili aliishika fomu. Akaisoma, akaisoma tena, akaigeuza nyuma kana kwamba huko kuna msaada. Jasho likamshuka mpaka kwenye kipande cha tatu cha suti. Watu sitini hivi walimnong'onezea jina, wakamtajia na wizara. Akaomba kikao kiahirishwe, kwa sababu za kiafya.

*

Waziri Mbwilo alikuja mwenyewe Jumatatu, kwa msafara wa magari tisa. Alikuwa ameelezwa hali ilivyo. Kiboko akiwa mpya, basi ametungwa mwaka huu, kwa ajili ya mtu wa mwaka huu, na mtu huyo lazima aandikwe kwenye fomu. Akiwa wa kale, basi alitungwa kabla Waziri hajazaliwa, na mtu wa kabla ya kuzaliwa kwako hawezi kuwa wewe. Ulikuwa mtego, na kwa mara ya kwanza nilimhurumia yule mtu mnene, maana siku zote alitaka vyote viwili, amfunge mama yule na yeye asiwe Kiboko.

Alikaa kwenye kiti cha shahidi, kiti kikalalamika.

"Shahidi asimame aape," Profesa alisema.

Sijui kama alisema kwa makusudi. Ndoo moja ilianguka huko nyuma, na hakuna aliyegeuka kuitazama. Waziri alishika mikono ya kiti ili ainuke, kisha akaona macho yale mia tatu yanamsubiri, akaitoa mikono taratibu akaiweka mapajani.

"Nitaapa nikiwa nimekaa," alisema. "Kwa heshima ya Tume."

Profesa alitangaza kwamba kuanzia siku hiyo mawaziri wataapa wakiwa wamekaa. Nikaiandika kanuni hiyo, na hadi leo inatumika.

"Ngano hii," Waziri alisema kwa sauti nzito, "ni ya kale. Ni ya kale mno. Mimi mwenyewe nilisimuliwa na bibi yangu mzaa mama, nikiwa nimelala mapajani mwake, kabla nchi hii haijapata uhuru. Nashangaa vijana wa leo wanaona uchochezi mahali ambapo sisi tuliona usingizi."

Watu wakapiga makofi. Wakapiga tena na tena, wakapiga ndoo, na Waziri akadhani anapendwa.

*

Hukumu ilisomwa saa sita mchana. Tume ilijiridhisha kwamba ngano ya Kiboko ni ya kale kiasi kwamba chanzo chake kimepotelea katika ukungu wa historia. Siwema Lugendo ataachiwa leo hii, akishatia sahihi tamko lenye mambo matatu: kwamba hakuitunga yeye, kwamba hamjui aliyeitunga, na kwamba Swala aliyemo si mtu yeyote na hajawahi kuwa mtu.

Nilimpelekea karatasi. Aliisoma polepole, kidole kikifuata mistari.

"Hapa pa tatu," alisema. "Wameandika Swala si mtu?"

"Ndiyo, dada."

"Na hajawahi kuwa mtu."

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Hiyo siwezi." Akaisukuma karatasi. "Ya kwanza naweza. Hii siwezi. Karani, wewe nilikueleza."

Minong'ono ikapita ukumbini. Muuza mkaa akapaza sauti, "Tia sahihi, Siwema, twende zetu!" Bi Pili naye akaita, "Usituangushe, mwenzetu, tumeapa uongo siku mbili!" Profesa aliinama kutoka juu ya meza yake. Alisema kwa upole, bila kengele, "Mama, ni miaka saba."

Jirani aliyekuwa na Somoe alisimama, akamnyanyua mtoto ili aonekane. Mtoto alikuwa amevaa sare mpya, kubwa kidogo, pindo limekunjwa ndani ili literemshwe akirefuka. Hakulia wala hakupunga mkono. Alimtazama tu mamake mkubwa, kama watoto wanavyomtazama mtu anayechelewa.

Bi Siwema alichukua kalamu yangu. Alikaa nayo muda mrefu hata Waziri akatazama saa yake. Kisha akaandika jina lake lote, herufi moja moja, kama alivyokuwa akitarizi majina kwenye mifuko ya mashati, na machozi yakamtoka bila sauti. Nami yakanitoka. Nilisingizia vumbi la makabati.

Waziri alikuwa amechangamka sasa. Jambo lilikuwa limekwisha, na yeye pia ni binadamu.

"Haya mama," alisema, "umeshakuwa huru. Hebu tumalizie. Yule Kiboko, alisimama?"

Kila mtu aliinama mbele. Koplo alikuwa amefika mpaka kwenye meza ya Tume bila kuitwa. Profesa aliandaa kalamu.

Bi Siwema alijifuta uso kwa ncha ya khanga. "Mimi sijui, Mheshimiwa. Hadithi si yangu, nimetia sahihi hapo. Ni ya bibi yako, mzaa mama. Kamuulize yeye."

Akamshika Somoe mkono, wakatoka. Watu wakafungua njia, kisha wakawafuata na ndoo zao, maana saa nane orodha ya foleni ilikuwa inaitwa.

*

Mimi nilibaki, kwa sababu kazi ilikuwa haijaisha. Ngano iliyothibitishwa kuwa ya kale huandikwa katika Daftari Kuu la Hazina ya Taifa, linalokaa chumba cha chini kwenye kabati la chuma. Kiboko alikuwa namba mia mbili na kumi na tatu. Nikajaza wanyama waliomo, nikajaza mahali ilipokusanywa. Kwenye safu ya funzo Profesa alikuwa ameniagiza niache wazi. Kisha nikafika safu ya mwisho, ya mtunzi, na kwa kuwa sikutaka kuijaza upesi, nikaanza kufungua kurasa za nyuma.

Fisi wa namba ya tatu, mtunzi hajulikani. Nungunungu na mkwewe, mtunzi hajulikani. Kunguru aliyeteuliwa kuhesabu vifaranga, mbuni, mchwa, punda wa mfalme, hajulikani, hajulikani, hajulikani, ukurasa hadi ukurasa, kwa miandiko ya makarani walionitangulia, wengine wamekwisha kufa. Mmoja alikuwa ameikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Mwingine aliandika, akakata, akaandika tena lile lile. Miaka kumi na minane nilikuwa nazipita kurasa zile na kudhani kwamba wenzangu kweli hawakuwajua watunzi.

Nikachovya kalamu. Mbele ya Kiboko nikaandika, kwa mwandiko wangu ule unaosifiwa, mtunzi hajulikani. Tamko nililishika kwa mkono wa kushoto, na sahihi ya Siwema Lugendo ilikuwa bado haijakauka.